Aliye Juu na Walio Chini: Kufundisha Kazi ya Kupogoa Miti Mikubwa Shuleni

1. Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mpanda ngazi hushuka. Kwa mwalimu wa shule ya msingi swali linalobaki ni moja: atashukaje?

Makala haya yamekusudiwa walimu wanafunzi watakaopangiwa kazi katika shule za vijijini, hasa shule zenye miti mikubwa uwanjani. Shabaha yake ni kuonyesha jinsi kazi ya kupanda mti na kukata matawi yake inavyoweza kuwa somo kamili la Sayansi na Hisabati bila mwanafunzi hata mmoja kuondoa mguu wake ardhini.

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu lilitugusa wenyewe. Miaka michache iliyopita tulikwenda kuwakagua wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Katika shule moja tulimkuta mvulana wa Darasa la Sita juu ya mti, mita tano hivi kutoka chini, panga mkononi, akikata tawi lililokuwa likikwaruza bati za darasa. Mwalimu mwanafunzi alikuwa amesimama chini akimwelekeza. Kabla hatujafika karibu, tawi lilipasuka upande wa chini, likajipinda, likamsukuma kijana. Alianguka na kuvunjika mkono. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuangukia shingo.

Tulipomwuliza mwanachuo wetu kwa nini alimruhusu mtoto kupanda, alijibu kwa unyofu: “Lakini Mwalimu, hapa watoto wote wanajua kupanda miti.”

Jibu hilo lilikuwa la kweli, na ndiyo sababu lilikuwa la hatari. Kujua kupanda mti ni jambo moja, na kujua kufanya kazi juu ya mti ni jambo jingine kabisa. Lawama haikuwa ya mwanachuo peke yake. Sisi wakufunzi tulikuwa tumemfundisha kuanzisha kitalu, kuhamisha miche na kuihesabu. Hatukuwa tumemfundisha lolote juu ya mti uliokwisha kuwa mkubwa.

2. Miti ya shule zetu

Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule zetu zimepanda miti kwa wingi. Kampeni ya “Misitu ni Mali” ya mwaka 1980 iliongeza ari hiyo. Miti iliyopandwa wakati ule leo ina umri wa kuwa na wajukuu. Baadhi yake ilipandwa mita tatu au nne tu kutoka ukutani, kwa maana mche una urefu wa rula na mpandaji haoni kivuli chake cha baadaye.

Katika Wilaya ya Rungwe hali hii huonekana wazi zaidi. Tukuyu na vijiji vyake hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi yetu, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wake wa volkeno una rutuba. Mti hukua upesi, na unaokua upesi mara nyingi huwa na matawi mepesi kuvunjika. Mgrevilea, unaopendwa kwa kivuli cha kahawa na kwa mbao, hujulikana kwa kuangusha matawi wakati wa upepo. Mparachichi, ambao sasa ni zao la fedha kwa kaya nyingi za Rungwe, nao una tawi linalokatika ghafla bila kupinda sana kwanza. Watoto hupanda miti hii kila msimu wa matunda.

Baada ya ajali tuliyoieleza, tulishauriana na walimu wa shule moja katika kata ya Masukulu. Shule hiyo ilikuwa na mgrevilea mkubwa ambao matawi yake matatu yalining’inia juu ya paa la darasa. Kamati ya shule ilikuwa imekwisha amua kumwita mzee mmoja, fundi wa miti, ambaye hupanda kwa kamba na kukata kwa msumeno. Tuliomba tawi la kwanza likatwe mbele ya Darasa la Sita, na sisi tutengeneze somo. Mambo yanayofuata yanatokana na somo hilo.

3. Maarifa anayopaswa kuwa nayo mwalimu

Mwalimu hafundishi asichokijua. Hapana budi ayaelewe mambo manne kabla ya kuandika andalio lake.

(a) Mti hauponi kama mtu

Mtu akijikata, ngozi na nyama mpya hujaza mahali pa jeraha. Mti haufanyi hivyo. Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya magogo na katika miaka ya 1970 na 1980 akaeleza kwamba mti hujenga kuta ndani yake kulizunguka jeraha, kisha huota mbao mpya kwa nje na kulifunika. Mbao iliyooza hubaki humo ndani. Mti umeitenga tu, kama mwenye nyumba anayefunga chumba kilichoungua na kuendelea kuishi katika vyumba vingine.

Kutokana na ujuzi huu tunapata kanuni ya mkato. Chini ya tawi, mahali linapoungana na shina, pana uvimbe mdogo unaolizunguka kama ukosi wa shati. Tuuite ukosi wa tawi. Kuta za kinga hujengwa hapo. Kwa hiyo mkato wa mwisho hupita nje kidogo ya ukosi. Ukikata ndani yake na kulisawazisha shina, umeubomoa mlango ambao mti ungeufunga. Ukiacha kipande kirefu cha tawi, kitakauka, kitaoza, na kuoza kutaingia shinani. Kupaka rangi, oili chafu au samadi juu ya kidonda hakuzuii kuoza.

Aidha, mti usikatwe kilele kwa sababu tu ni mrefu. Machipukizi yanayofuata huwa mengi na marefu, nayo hushikamana na mti kwa juujuu tu. Baada ya miaka michache hatari huwa kubwa kuliko ile ya kwanza. Vilevile, kuondoa zaidi ya robo ya majani kwa mara moja ni kuunyima mti chakula chake.

(b) Tawi zito hukatwa mara tatu

Kijana tuliyemwona alikata tawi kwa juu tu. Tawi linapokatwa hivyo huanza kuinama kabla halijakatika, nyuzi za upande wa chini huchanika, na gome la shina huvuliwa kama ngozi ya ndizi. Wakati huohuo tawi hupinda na kupiga lilipopenda.

Fundi hukata hivi. Kwanza, umbali wa sentimita 30 hivi kutoka shinani, hukata kwa chini hadi kufikia robo au theluthi ya unene. Pili, sentimita chache mbele ya mkato huo kuelekea nchani, hukata kwa juu hadi tawi lianguke. Mpasuko ukitokea huishia kwenye mkato wa kwanza. Tatu, huondoa kipande kilichobaki, ambacho sasa ni chepesi, kwa kukata nje ya ukosi. Wanafunzi wote wanaweza kujizoeza jambo hili mezani kwa bua la mtama na kisu butu.

(c) Kamba, kapi na msuguano

Tawi lililo juu ya paa haliwezi kuachwa lianguke, bali hufungwa kamba na kuteremshwa. Kamba ya kushushia hupitishwa kwenye panda imara au kapi lililofungwa juu ya tawi linalokatwa, kisha hushuka hadi chini ya shina, ambako msaidizi huizungusha mara mbili au tatu kabla ya kuishika.

Mambo mawili hapa huwashangaza wanafunzi. La kwanza ni nguvu ya msuguano. Kila mzunguko unaoongezwa hupunguza uzito unaofika mikononi mara kadhaa, na upungufu huo hujizidisha. Ikiwa mzunguko mmoja umepunguza mzigo mara tano, mizunguko miwili huupunguza mara ishirini na tano. Ndiyo maana mtu mmoja aweza kuzuia tawi lenye uzito kuliko yeye. Lakini asijifunge kamba hiyo mwilini wala kuizungusha mkononi. Mkono uliozungushwa kamba hauwezi kuiachia.

La pili ni mzigo unaobebwa na kapi. Wengi hudhani kwamba tawi la kilo 85 huielemea sehemu iliyofungwa kapi kwa kilo 85. Sivyo. Upande mmoja kamba inavutwa na tawi, na upande wa pili inavutwa na kizuizi kilicho chini. Sehemu hiyo hubeba karibu mara mbili, yaani kilo 170. Tena tawi likianguka kwa ghafla kabla kamba haijakaza, mshtuko huongeza nguvu hiyo mara nyingi zaidi. Kwa sababu hiyo kapi hufungwa juu ya tawi, si chini yake, na kamba hukazwa kabla ya kukata.

Kuhusu kamba yenyewe, kamba ya nailoni huwa na nguvu zaidi ya maradufu ya kamba ya katani ya unene uleule, nayo haiozi kwa mvua kama katani. Hata hivyo nailoni huyeyuka ikisuguliwa kwa kasi, na huharibika ikikaa juani muda mrefu. Kila fundo hupunguza nguvu ya kamba, pengine kwa robo, pengine kwa nusu. Kamba iliyofungia ng’ombe au kuvutia gari haifai kumbeba mtu.

(d) Usalama wa mpandaji

Wakwezi wa minazi katika pwani yetu na Zanzibar hupanda kwa ustadi wa kusifiwa, wengine wakiwa na kitanzi cha kamba miguuni. Lakini mnazi hauna matawi, na mkwezi huangua nazi au makuti. Hakati sehemu ya mti inayoweza kumrudia na kumpiga. Fundi wa miti yumo katikati ya vitu anavyovikata.

Kwa hiyo fundi huanza kwa kukagua. Hutazama shina chini kama lina uyoga, tundu au ufa, kisha matawi makavu, halafu nyuki, nyigu na siafu. Hurusha uzi mwembamba wenye kifuko cha mchanga kupita panda ya juu, na kwa uzi huo huvuta kamba ya kupandia. Watu wawili huning’inia kwenye kamba hiyo wakiwa karibu na ardhi ili kuijaribu panda. Ndipo fundi huvaa kofia ngumu na mkanda wa kiunoni na mapajani, akaunganisha mkanda na kamba kwa fundo linaloteleza lisipobeba mzigo na kukaza linapobeba. Fundo la namna hiyo linalojulikana zaidi duniani lina jina la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria aliyelieleza mwaka 1931.

Wakati wa kukata, fundi huongeza kamba fupi ya pili inayozunguka shina. Sababu ni rahisi kueleza: msumeno unaokata tawi unaweza kukata kamba. Pia hafanyi kazi peke yake. Chini huwapo mtu anayejua kupanda na kumteremsha, kwa maana mtu aliyezirai akining’inia katika mkanda anaweza kufa kabla msaada haujafika kutoka mbali.

Kuhusu nyaya za umeme, kanuni ni moja tu. Mti ulio karibu na waya haupandwi wala haukatwi na mtu wa kijijini. Taarifa hupelekwa TANESCO. Tawi bichi hupitisha umeme, na kamba iliyolowa pia.

4. Jinsi somo lilivyofundishwa

Darasa lilikuwa na wanafunzi sitini na wawili. Somo lilichukua vipindi vitatu katika mwezi wa Septemba, wakati mvua kubwa zimepungua.

Kipindi cha kwanza: Kupima

Wanafunzi waligawanywa katika vikundi vinane. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kupata urefu wa mti bila kuupanda. Fimbo ya mita 1 ilisimamishwa, kivuli chake kikawa mita 0.8. Kivuli cha mti kilikuwa mita 14.4. Wanafunzi waligawanya 14.4 kwa 0.8, wakapata mita 18. Kikundi kimoja kilipata 11.52 kwa sababu kilizidisha. Mwalimu hakuwasahihisha mara moja. Aliwauliza kama mti unaweza kuwa mfupi kuliko kivuli chake wakati fimbo ni ndefu kuliko kivuli chake. Walicheka, wakarudia wenyewe.

Kisha walipiga duara la hatari. Kwa kukata matawi, tulikubaliana na fundi kwamba mtazamaji yeyote asisogee karibu zaidi ya mita 36, yaani urefu wa mti mara mbili. Wanafunzi walipima kwa kamba yenye mafundo, wakachomeka vijiti na kufunga majani ya mgomba juu yake ili mpaka uonekane.

Baada ya hapo palikuwa na jaribio la msuguano. Tulilaza mti wa mviringo kati ya nguzo mbili, tukapitisha juu yake kamba yenye mfuko wa mawe wa kilo 10, ukiwa sentimita 20 tu kutoka chini. Mwanafunzi alishika mwisho mwingine kwa mizani ya springi. Kamba ilipopita juu tu, mizani ilisoma kilo nne na nusu hivi. Ilipoongezewa mzunguko mmoja, ilisoma chini ya kilo moja. Msichana mdogo kuliko wote darasani aliushika mfuko kwa vidole viwili. Tangu hapo hapakuwa na haja ya kuwahimiza kusikiliza.

Kipindi cha pili: Siku ambayo kazi haikufanyika

Siku iliyopangwa, fundi alifika mapema. Wanafunzi walimwamkia, “Shikamoo Mzee,” naye akawaitikia, “Marahaba, wanangu.” Alizunguka mti mara mbili, akaweka kiganja juu ya gome, akatazama juu. Usiku ule ilikuwa imenyesha mvua isiyotarajiwa. Alimgeukia mwalimu mkuu, akasema, “Mwalimu, leo sipandi. Gome linateleza.”

Mwalimu mkuu alikuwa amewaalika wajumbe wa kamati. Sisi tulikuwa tumesafiri kwa ajili ya somo. Darasa zima lilikuwa limeketi nje ya mpaka wa majani ya mgomba. Tunakiri kwamba moyoni tulikuwa tayari kumshawishi. Hakuna aliyefanya hivyo, na leo tunaona kwamba kama tungefanya, tungekuwa tumebatilisha kila tulichokuwa tumefundisha.

Kipindi kikawa cha maswali. Mvulana mmoja alinyosha mkono, akauliza, “Mzee, babu yangu hupanda bila kamba, na hajaanguka hata siku moja. Kwa nini wewe unafunga kamba?”

Fundi alifikiri kidogo, akajibu: “Babu yako anajua kupanda kuliko mimi. Lakini kamba si kwa ajili ya siku ninayopanda vizuri, mwanangu. Ni kwa ajili ya siku nyigu ataniuma jichoni.”

Tulimwomba mwalimu aliandike jibu hilo ubaoni, nao wakalinakili daftarini.

Kipindi cha tatu: Kutazama na kuandika

Baada ya siku nne kavu kazi ilifanyika, asubuhi kabla ya upepo. Kila kikundi kilikuwa na jambo lake la kutazama: kukagua, kurusha uzi, kamba ya kupandia, mikato mitatu, kamba ya kushushia, mshika kamba, mawasiliano, na mpaka.

Kikundi cha mawasiliano kilileta taarifa nzuri kuliko zote. Fundi kabla ya kukata aliita, “Tawi!” Msaidizi alitazama pande zote, kisha akajibu, “Wazi!” Mara moja msaidizi hakujibu kwa kuwa mbuzi alikuwa ameingia ndani ya mpaka. Fundi hakukata. Alingoja, msumeno umetulia, mpaka mbuzi alipoondolewa na neno likasikika. Wanafunzi waliandika: “Kimya si ruhusa.” Sisi tusingeweza kulisema jambo hilo kwa maneno machache zaidi.

Tawi lilipoteremshwa na fundi akatoa ruhusa, wanafunzi walilipima. Mzingo ulikuwa sentimita 63, kwa hiyo kipenyo kilikuwa sentimita 20. Urefu wa kipande ulikuwa mita 3. Walikokotoa ujazo: 3.14 × 0.1 × 0.1 × 3 = mita za ujazo 0.094. Mita moja ya ujazo ya mti mbichi mara nyingi huwa na kilo kati ya 700 na 1,000. Tulichukua 900, wakapata karibu kilo 85. Mwalimu aliuliza ni wanafunzi wangapi wa Darasa la Kwanza wangetimiza uzito huo, kisha akaonyesha darasa ambalo tawi lile lilikuwa juu yake. Lilikuwa Darasa la Kwanza.

Hesabu ya mwisho ilihusu kuanguka. Kitu kinachoanguka kutoka mita tano hufika chini kwa sekunde moja hivi, kikiwa na kasi ya karibu kilometa 36 kwa saa, kasi ya pikipiki barabarani. Kwa sekunde moja mtu hawezi kushika tawi jingine wala kufikiri.

Mwishoni kiranja alimshukuru fundi kwa Kinyakyusa, “Ndaga fijo,” na darasa zima likapiga makofi.

5. Makosa ya kuepuka

Tangu hapo tumewapa wanachuo kadhaa somo hili walifundishe. Makosa yanayojirudia ni haya:

Kwanza, kuligeuza somo kuwa kibarua. Mwalimu akiona wanafunzi wameelewa, hushawishika kuwapa panga wamalizie matawi madogo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kupewa kazi ya hatari, na mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Kukusanya majani na kuni baada ya kazi kwisha, kwa ruhusa ya fundi, kunatosha.

Pili, kutumia hofu badala ya sababu. Mwalimu husema “Msipande, mtakufa,” na watoto wanajua kwamba jana walipanda na hawakufa. Wape sababu wanazoweza kuzipima: uzito, kasi, sekunde moja.

Tatu, kusahau huduma ya kwanza. Kabla ya kazi kuanza, usafiri wa kwenda kituo cha afya uwe umejulikana na namba ya simu iandikwe ubaoni. Aliyeanguka asiinuliwe kwa mabega wala kuketishwa. Alazwe alivyo bila kumtikisa shingo, damu izuiwe kwa kubanwa kwa kitambaa safi, na msaada uitwe.

Nne, kukubali fundi asiye na vifaa kwa sababu ni rahisi. Mti unaoweza kuvumilia mwaka mmoja ni afadhali uvumilie na darasa lihamishwe, kuliko kumpandisha mtu bila kamba.

6. Hitimisho

Mwalimu mpya akifika shuleni huombwa mambo mengi na walio juu yake kwa umri na cheo. Siku moja ataambiwa, “Mwalimu, chagua vijana wawili wepesi wapande wapunguze matawi yale.” Atakayeambiwa hivyo ni ninyi, wanachuo. Mkijibu “Haiwezekani” tu, mtaonekana waoga au wakaidi. Lakini mkijibu, “Naomba ruhusa, Mwalimu Mkuu, darasa langu lipime mti ule na kuandika taarifa kwa kamati,” mtakuwa mmemlinda mtoto, mmemheshimu mkuu, na mmepata somo.

Kijana aliyeanguka mkono wake uliunga, ingawa haunyooki sawasawa. Mwanachuo wetu sasa ni mwalimu, na tunasikia kwamba kila mwaka hufundisha somo la kamba na mfuko wa mawe. Hajaliacha hata mwaka mmoja.

Maswali ya kujadili

1. Eleza kwa nini tawi zito hukatwa mara tatu. Chora kila mkato, ukionyesha ukosi wa tawi.

2. Fimbo ya mita 1 ina kivuli cha mita 0.6, na mti una kivuli cha mita 7.2. Tafuta urefu wa mti, kisha pendekeza mpaka wa watazamaji.

3. Tawi la kilo 60 linateremshwa kwa kapi. Sehemu iliyofungwa kapi inabeba uzito gani kwa makadirio? Utamwelezaje mwanafunzi asiyeamini?

4. Fundi amefika, wageni wamefika, na mvua imenyesha usiku. Andika andalio la kipindi utakachofundisha siku hiyo.

5. Mwalimu mkuu anakuagiza umpandishe mwanafunzi mtini. Igizeni mazungumzo hayo wawili wawili, kisha darasa lijadili ni maneno yapi yalilinda heshima ya kila mmoja na usalama wa mtoto.